Visu vya Mlango wa Nyuma

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi yangu muuguzi na watoto, kila mmoja kwa kimo chake. Sisi huku tupo, Mungu bado hajatuchoka. Baba ana afya ya kutosha kugombana na redio. Mimi goti lilinisumbua kila nikipanda ngazi, nikaacha kupanda ngazi, goti likapona. Paka amezaa kwa mara ya tatu ndani ya kapu la nguo zangu za ibada, kwa hiyo Jumapili mbili hizi Mungu ameniona na manyoya.

Barua yako ilikaa njiani wiki tatu. Nilipoifungua nikakuta maswali matatu: Baba hajambo? Mvua imenyesha? Na "kwa udadisi tu", kisu cha jikoni kinanolewaje? Mwanamume wa miaka arobaini na minne, karani mkuu wa bohari, mtu aliyetukimbia sisi na vinoo vyetu, leo ana udadisi. Nilicheka mpaka Baba akauliza kutoka barazani nani amekufa.

Haya, nakujibu kama ulivyouliza. Kwanza lowesha kinoo mpaka kishibe maji. Kitandikie kitambaa kibichi kisiteleze. Laza kisu juu yake, halafu inua mgongo wa kisu kidogo tu, kiasi cha ncha ya kidole chako cha mwisho kupita chini. Sasa sukuma kama mtu anayetaka kukimenya kinoo ngozi nyembamba. Upande mmoja tu, mpaka upapase upande wa pili na kusikia mkwaruzo mdogo kama wa ulimi wa paka. Hapo ndipo unageuza. Mwisho pitisha kwenye mkanda wa ngozi, ukirudi nyuma. Usisukume mbele, utaukata mkanda na suruali itakuaibisha mbele ya watoto. Jaribu kwa nyanya mbivu. Kisu kikiingia bila kubembelezwa, umemaliza. Kisha kioshe, kikaushe, na usikitupe kwenye droo na vijiko kana kwamba nacho ni kijiko.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonikalisha chini. Macho ya Baba yamekwisha. Daktari alisema ni mtoto wa jicho na anaweza kumtoa. Baba akamjibu kwamba ana watoto wawili tu na hamtoi hata mmoja. Lakini mtu aliyenoa visu vya mabucha yote ya soko kwa miaka arobaini hastaafu kwa sababu ndogo kama upofu. Kila Jumamosi asubuhi anakaa barazani na kinoo chake, majirani wanapanga foleni. Hapokei malipo, anapokea sifa. Shida ni kwamba anakiinua kisu mno, anasugua makali yenyewe badala ya ubavu wake. Kisu kinaingia butu, kinatoka kijiko.

Jirani anakipokea, anapitisha kidole, anapiga ukelele, "Mzee, hiki si kisu tena, huu ni wembe!" Halafu anazunguka ukuta kimya kimya mpaka mlango wa nyuma wa jikoni. Huko niko mimi, na kinoo changu kando ya sinki, na redio ya mahubiri imefunguliwa mpaka mwisho ili Baba asisikie. Nanoa upya. Visu ishirini, siku nyingine thelathini. Mwaka wa pili sasa. Mtaa mzima unajua, isipokuwa mwenye kinoo.

Nimemuuliza Mungu kama huu ni uongo. Hajanijibu, na mimi kimya chake nimekichukua kama ruhusa ya muda.

Ila siwezi kuendelea baada ya mwezi wa sita. Usiniulize kwa nini. Nataka uje ushike mlango wa nyuma. Baba akigundua kwamba watu wamekuwa wakimhurumia, hatapiga kelele. Ataweka kinoo chini, atakaa, na wewe unamjua: akikaa bila kazi hatuko naye muda mrefu.

Usipige simu. Simu ya nyumba hii Baba huisikiliza kuliko redio. Andika.

Mimi dada yako, mwenye vidole kumi mpaka leo.


Tarehe 27 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenizidi. Wifi yako yuko salama, anakwenda zamu hospitalini na kurudi amechoka kama kawaida. Watoto wanakusalimu Shangazi yao, mdogo ameng'oka jino la mbele na sasa anajiona mkubwa wa nyumba. Mvua hapa imenyesha mpaka imetuudhi.

Nimefuata maelekezo yako neno kwa neno, kwa udadisi tu. Nililowesha, nikatandika kitambaa, nikainua, nikasukuma nusu saa nzima. Kisu kilikuwa butu kidogo, sasa ni butu kabisa. Nilipokijaribu kwenye nyanya, nyanya haikukatika, ilikufa kwa kupondwa. Ama kinoo nilichonunua ni tofali lililopewa cheo, ama kuna kitu umenificha ili ubaki fundi peke yako.

Kuhusu Baba, nimefikiri sana. Kwa maoni yangu jambo hili ni rahisi. Mkalishe chini, mwambie ukweli kwa upole. Mtu mzima anaelewa. Mwambie, "Baba, umefanya kazi nzuri, sasa pumzika." Atashukuru.

Mimi kuja haitawezekana. Likizo ofisini hazitoki mwaka huu. Tena unajua mimi na kinoo cha Baba tulivyoachana, sina haja ya kurudia habari hizo.

Na mwezi wa sita una nini? Miezi yote ni ya Mungu.

Ndugu yako mwenye kazi nyingi.


Tarehe 8 Aprili

Mdogo wangu mwenye kazi nyingi,

Tunamshukuru Mungu tumeamka. Baba ameamka kabla yetu sote na kututangazia. Mwambie mdogo pengo la jino lisimpe kiburi, Babu yake amebaki na manne na bado anatutawala. Jirani wa upande wa kulia amepaka nyumba yake rangi ya njano. Wewe ungekuwa hapa ungeiona, Baba peke yake ndiye aliyeponea.

Nimesoma ushauri wako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa heshima. "Mkalishe chini, mwambie ukweli kwa upole. Atashukuru." Jamani! Miaka miwili nimenoa visu vya watu nikifuta machozi ya vitunguu vyao, kumbe dawa ilikuwa sentensi moja, imekaa kwako bure. Basi njoo uiseme wewe. Mimi nitasimama nyuma ya mlango niione hiyo shukrani.

Kisu chako hakina siri. Umekiinua mno. Wanaoanza wote huogopa kukwaruza ubavu, basi hukisimamisha kisu kama mtu anayesubiri kuitwa. Kilaze. Chukua kalamu ya wino mzito, paka ukingo wote wa makali, kisha sukuma mara tatu na uangalie. Wino ukitoka kwenye ncha ya makali tu, umeinua sana. Ukitoka upande wa mgongoni tu, umelaza sana. Ukitoka wote sawa, piga magoti ushukuru. Na usimsingizie kinoo. Una mkono wa Baba kabisa, Baba wa siku hizi.

Sasa niambie na wewe. Tangu uanze kazi, barua zako zilikuja kwenye karatasi ya ofisi, yenye jina la bohari juu na muhuri hata pale ulipoandika kwamba unaumwa tumbo. Hizi mbili za mwaka huu zimeandikwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu, na nyuma ya ukurasa kuna saba mara nane imekosewa. Kwenye kona kuna tone la mchuzi. Karani mkuu mwenye kazi nyingi, nusu saa ya kunoa kisu siku ya kazi umeipata wapi? Siulizi. Nina udadisi tu.

Mambo mengine ni yale yale. Jumamosi iliyopita visu vilikuwa ishirini na sita, mapanga mawili, na mkasi wa fundi cherehani wa pale kona, yule mjane mwenye tai. Huyo bwana sijui anakata nini, mabati? Mkasi nimeunoa wiki jana, wiki hii amerudi nao. Anasimama mlangoni ananisubiri mpaka nimalize, ananisomea habari za gazeti kwa sauti. Nimemwambia mkasi ukinolewa kila wiki utakwisha. Akasema, "Utakuwa umekwisha mahali pazuri." Watu wengine wana maneno mengi kuliko vitambaa.

Mwezi wa sita uko pale pale. Njoo.

Dada yako.


Tarehe 30 Mei

Dada yangu,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Wote ni wazima. Nimekaa na barua yako wiki sita kwa sababu kila nikitaka kuijibu mkono unakataa.

Niambie ukweli, daktari amesemaje? Huyu dada yangu ninayemjua hawezi kusema "siwezi kuendelea, usiniulize" kwa sababu ya goti. Nimemuuliza wifi yako, akasema wanawake wa umri wako wakianza kupanga mambo ya nyumba kwa miezi, kuna vipimo wameona. Sijalala vizuri tangu hapo. Kama ni ugonjwa, sema. Usinifanyie kama unavyomfanyia Baba, unanoa mlango wa nyuma na mimi niko barazani sijui kitu.

Na ili usiseme nakudai ukweli bila kuutoa, huu hapa wa kwangu. Bohari ilifungwa mwezi wa kwanza. Walituita, wakatushukuru, wakatupa chai. Tangu siku hiyo wifi yako anakwenda kazini na mimi napika. Ndiyo, lile tone ni mchuzi wangu, na haukuwa mbaya. Ndiyo maana nilikuuliza visu. Nilikata tamaa kabla sijakata vitunguu.

Kuhusu wino, ulikuwa sahihi. Nimelaza kisu. Wiki iliyopita nyanya moja ilikubali. Ya pili ilikataa. Sijui nilichofanya kwenye ya kwanza.

Basi sababu ya kutokuja si likizo, likizo ninayo mpaka nimeichoka. Sababu unaijua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alinipa kisu cha mkuu wa mabucha nikinoe kwa mikono yangu. Nilikuwa nawahi mpira, nikakipeleka kwa fundi wa kuchomelea tukakitia kwenye mashine yake ya kusagia chuma. Cheche zilikuwa nzuri kweli. Kikatoka na rangi ya buluu, chuma kimeungua, na asubuhi yake kikakatika katikati ya paja la ng'ombe mbele ya soko zima. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Wewe nenda ofisini." Nikaenda. Miaka ishirini na mitano nimekuwa mtoto mtiifu. Huko nyumbani nimekuja misibani na harusini, nikakaa siku mbili, nikala, nikaondoka kabla ya Jumamosi. Sasa ofisi yenyewe imeniambia nenda nyumbani, na mimi nirudi kwa Baba nimsogelee kinoo? Akinifukuza tena mbele ya watu, safari hii sina pa kwenda.

Nijibu upesi. Unaumwa nini?

Ndugu yako.


Tarehe 12 Juni

Mdogo wangu, moyo wangu,

Nimelia, halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Baba akasema nyumba hii siku hizi ina mvua za ndani.

Siumwi. Mshukuru Mungu hapo hapo ulipokaa, kisha mwambie wifi yangu asome na magonjwa mengine. Naolewa.

Soma tena kama hukuamini. Mimi, miaka arobaini na tisa, mjane wa miaka kumi na mmoja, naolewa na fundi cherehani mwenye tai. Ilibainika mapema mwaka huu, kabla sijakuandikia, kwamba mkasi haukuwa butu. Alikuwa anakatia kopo la maziwa kila Ijumaa ili apate sababu ya kuja. Nilipomgundua nilimgombeza kwa ajili ya mkasi, chuma kizuri namna ile! Akasema atanunua mwingine, mimi hanunui popote. Nikaunoa upya ule ule, safari hii polepole.

Sikukuambia, nikajifanya hata sijui anakata nini, kwa sababu niliona aibu. Nilidhani utasema mwanamke mzima anamwacha baba yake kipofu ili akatiwe gauni. Nimejisemea hayo mwenyewe mara nyingi kwenye sala, tena kwa sauti yako.

Baba anajua. Mchumba alikuja kwa heshima zote, akajieleza nusu saa. Baba akamuuliza jambo moja tu: "Mkono wako unatetemeka?" Akasema hautetemeki. "Basi mchukue, ila usimguse kisu chake cha vitunguu." Hayo ndiyo yalikuwa mahari na mawaidha.

Ndoa ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa saba. Ijumaa tunaondoka. Amepata kazi ya kushona sare kwenye mji ulio safari ya siku nzima kutoka hapa, hivyo Jumamosi sitakuwa mlangoni. Hiyo ndiyo siri yangu yote. Sasa unajua kilicho mezani: Jumamosi ile visu vitazunguka ukuta, na mlango wa nyuma ama una mtu, ama hauna. Usipokuja, sitaondoka. Sikutishi. Nimeshamwambia na mchumba, akaanza kukunja futi yake ya kupimia, akaikunja na kuikunjua mpaka nikamwonea huruma.

Kuhusu kazi, pole. Ungeniambia mwezi wa kwanza ningekupikia maneno. Aibu yako na yangu zimepishana njiani ndani ya bahasha. Baba hakukuita mjinga siku ile, mimi nilikuwepo. Alikupeleka ofisini kwa sababu hakuweza kukutazama ukilia mbele ya wachinjaji. Kama sivyo, njoo umuulize.

Nyanya moja kwa mbili inatosha kuanzia. Njoo.

Dada yako, bibi harusi mwenye goti.


Tarehe 3 Agosti

Dada yangu, Bi Fundi,

Shemeji hajambo? Mwambie gauni lile la harusi bado linazungumzwa hapa, hasa na wanawake waliokuwa na mpango naye. Baba hajambo. Wifi yako na watoto wanakuja mwezi ujao shule zikifungwa. Paka amehamia kwenye sanduku langu.

Ulitaka habari za mlango wa nyuma, nami nimechelewa wiki nne kwa sababu nilitaka kwanza nijue kama ni habari za msiba au la.

Jumamosi ya kwanza, kesho yake mlipoondoka, visu vilikuwa ishirini na viwili. Nilifungua redio, nikalowesha, nikalaza, nikapaka wino, nikatoa jasho mpaka kitambaa kikalowa bila maji. Nilimaliza visu tisa. Wengine niliwarudishia hivyo hivyo, pamoja na uso wa aibu. Mama wa nyumba ya njano alijaribu chake kwenye karatasi, akanitazama, akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki kwa kujaribu." Nikajua mtaa utasema.

Haukusema. Jumamosi ya pili walirudi wote ishirini na wawili, na wengine wapya kumi. Wa kwanza alimwambia Baba, "Mzee, tunakata sana siku hizi, makali yamekwisha." Wa pili akasema hivyo hivyo. Jumamosi ya tatu foleni ilifika kwa muuza mkaa. Dada, visu vile havikuwa vimekwisha makali, havikuwa nayo! Nilivinoa vibaya, vikarudi, nikavinoa vibaya, vikarudi. Na Baba barazani anang'aa kama sahani. "Unaona?" ananiambia wakati wa chakula. "Dada yako alikuwepo, visu ishirini. Ameondoka, arobaini. Watu wameanza kujua kazi yangu."

Niliinama nikala.

Jumamosi ya nne alichoka. Visu hamsini na kitu. Aliniita kutoka jikoni mbele ya foleni nzima: "Karani! Acha redio, njoo ushike upande mmoja." Miguu yangu ilitaka kurudi kituoni peke yake. Nikaenda, nikakaa kwenye kigoda kando yake. Nilipoanza akasimamisha mkono wake, akasikiliza. "Kinoo kinalia," akasema. "Kisu kikikaa sawa, kinoo hakilii, kinanong'ona." Akauweka mkono wake juu ya wangu, akausukuma chini kidogo, tukasukuma pamoja. Na kweli kikanong'ona. Dada, yeye hakioni kisu, ila cha mwenzake anakisikia. Cha kwake hakisikii. Sikumwambia.

Kwenye foleni alikuwepo mmoja wa wale wachinjaji wa zamani, amezeeka na tumbo. Akasema kwa sauti, "Huyu si ndiye wa kile kisu cha buluu?" Watu wote wakanigeukia. Mimi nikaanza kutafuta viatu. Baba akasema, "Ndiye. Kile kilikuwa chuma kibovu. Nilimwambia mkuu wa mabucha asikinunue." Akageuka kwangu. "Kingine."

Kilikuwa chuma kizuri, dada. Mimi nakijua, na Baba anakijua kuliko mimi.

Tangu siku hiyo yeye hanoi. Anapokea kisu, anakipapasa, ananipa, anasikiliza, anakirudisha kwa mwenyewe na kupokea sifa zake. Mimi nanoa. Mlango wa nyuma nimeufunga, ufunguo uko juu ya kabati. Sasa swali: je, niendelee na ule wino, au mkono wa Baba unatosha?

Ndugu yako, msaidizi wa mnoaji.


Tarehe 14 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Shemeji yako anakusalimu. Tuko wazima, chumba kina dirisha kubwa na mashine mbili, na majirani hapa wana visu vya aibu, ila nimeapa kutosema chochote kwa mwezi mmoja. Barua yako nimemsomea mpaka tukasahau chungu jikoni.

Nimemshukuru Mungu kwa kila kisu, na kwa kile cha buluu mara mbili.

Tupa huo wino. Mkono wa Baba unatosha, na kila akikushika mkono anamfundisha mtu, hiyo ni kazi, na mtu mwenye kazi anakaa nasi. Lakini nakuonya kama dada yako. Hesabu vizuri, wewe ni karani. Ukianza kunoa sawasawa, visu vitakaa na makali miezi mitatu. Foleni itafupika. Baba ataona kazi imepungua, atakuambia upumzike, atakivuta kinoo kwake, na tutarudi kwenye vijiko.

Basi kila siku kabla ya kulala mwombee Baba, waombee watoto, niombee mimi na goti langu. Na wewe binafsi, mdogo wangu, nakusihi kwa jina la Mungu: usijifunze haraka.

Dada yako akupendaye.